Ushuhuda wa Bi Ozella

Kofia ilifika kwa posta kutoka Memphis wiki ya kwanza ya Septemba, ndani ya sanduku la mviringo, imezungushiwa karatasi laini tabaka juu ya tabaka kama kitu cha kuvunjika. Ilikuwa ya zambarau iliyoiva, rangi ya timu ya chuo, yenye ukingo mpana na ua la hariri upande wa kushoto. Ozella Crutchfield aliivaa mbele ya kioo cha bafuni, akajigeuza huku na huku, kisha akaivua na kuirudisha sandukuni. Siku yake ilikuwa bado.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Mji wa Tarpley, Mississippi, huiita Siku ya Kuagwa. Kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani ya mpira wa Kimarekani, kila mchezaji wa mwaka wa nne huingia uwanjani ameshikana mkono na mama yake, jina la mama husomwa kwenye spika, na watu elfu hamsini husimama. Tavaris Goolsby hakuwa na mama. Ndiyo sababu mwezi Agosti aliteremka ngazi mpaka chumba cha kufulia, akasimama mlangoni, jitu la futi sita na nusu linalochezea kamba ya bukta kama mtoto wa chekechea.

"Bi Ozella, ile siku ya Novemba. Wanataka jina la mtu wa kuingia naye."

"Mwite shangazi yako."

"Shangazi hawezi kupanda basi kwa saa kumi na nne kuja kunishika mkono."

"Na mimi nani kakwambia mkono wako naushika? Najua unakopita. Soksi zako nafua mimi."

Tavaris akacheka, kisha akasema taratibu, "Nimeshaandika jina lako."

Ozella akampa mgongo. Akaanza kukunja taulo zilizokuwa zimeshakunjwa.

Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba kile chini ya uwanja, penye mashine sita, kila moja yenye uwezo wa kumeza ndama. Shule aliiacha darasa la sita, mama yake alipoumia mgongo kwenye kiwanda cha kambare na wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwapikia. Kusoma alisoma polepole, kidole chini ya neno. Lakini nguo alizisoma haraka. Kila mchezaji alikuwa na mfuko wa wavu wenye namba yake, na kutokana na mfuko ule Ozella alijua nani anatoka damu na kuficha, nani ameacha kula, nani ameanza kunywa. Wachezaji walimpenda kwa ulimi wake. "Bi Ozella, soksi imerudi moja." "Na miguu ulikwenda nayo mingapi?" Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake na dunia tangu mumewe Luther, mtu wa reli, alipofariki na kumwachia nyumba ya mbao ng'ambo ya njia ya treni, mkabala na uwanja, na suti moja nyeusi. Mtoto hawakujaliwa.

Mambo ya Tavaris yalianza na suruali ya jinzi. Mwaka wa pili wa kijana huyo, Ozella alifungua mfuko namba sitini na saba akakuta, chini ya jezi yenye matope, suruali, fulana mbili na foronya. Ukutani palikuwa na karatasi iliyosema chuo kinafua jezi tu. Nguo ya mchezaji ya nyumbani ikifuliwa kwa sabuni ya chuo ni zawadi, na mchezaji kupokea zawadi ni kosa. Angeweza kuzirudisha zilivyo. Alizitazama nguo zile, akaona kijana huyu ana suruali moja. Akazifua, akazipiga pasi, akaziweka chini kabisa ya mfuko. Wiki iliyofuata suruali ilirudi, na juu yake chungwa moja kutoka jikoni kwa wachezaji.

Februari ile mama yake Tavaris alifariki huko kwao Florida. Kocha Renfro, aliyewafundisha walinzi wa mstari wa mbele, aliteremka ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ozella, yule mtoto hana njia ya kufika mazikoni. Sisi tumefungwa mikono. Wewe una gari."

"Na ile karatasi ya ukutani, Kocha?"

"Ile inatuhusu sisi makocha. Wewe ni mama tu."

Basi akamchukua. Saa kumi na nne barabarani, kijana amekunjwa kwenye kiti cha mbele kama kitanda cha safari, magoti yamegusa dashibodi, na kwenye siti ya nyuma imelazwa suti ya Luther, ambayo Ozella alikuwa ameifumua mishono mpaka kitambaa hakikubaki na kitu cha kutoa. Hata hivyo mikono ya koti iliishia katikati ya kiwiko na kifundo. Makaburini Tavaris alisimama ameificha mikono nyuma. Waliporudi Tarpley ndipo Jumapili zilianza. Jumapili jioni jiko la wachezaji hufungwa, na vijana wale wakubwa kama milango hushinda na biskuti. Tavaris alikuja kwa miguu akavuka reli, akala kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemka na shingo za bata mzinga, mkate wa mahindi, na pai ya viazi vitamu alifungiwa kwenye karatasi ya alumini akaondoka nayo.

Na siku za mechi, Ozella alipojaza magari ya wageni, kwa malipo, kwenye ua wake kama wafanyavyo majirani wote wa upande ule wa reli, aliacha sehemu moja wazi, karibu na ngazi za baraza. Pale paliwekwa kiti cha chuma. Mechi ikiisha Tavaris alikuja akakikalia, miguu ameinyoosha, barafu kwenye magoti yote mawili, huku wageni wakitoa magari yao na kumpungia. Gari halikuingizwa pale hata aje nani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka gazeti la Jackson lilipoandika kuhusu gari jipya.

Gari lilikuwa pikapu nyekundu, na mwenye kuliendesha alikuwa mrusha mpira wa timu, kijana mwenye nywele za dhahabu ambaye picha yake ilikuwa kwenye vikombe vya soda mji mzima. Mwenye kulitoa alikuwa Bwana Buddy Lathrop, muuza magari, ambaye jina lake liliandikwa kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi kwa sababu alikijenga. Chama cha michezo ya vyuo kikaleta wachunguzi wawili. Mji ukashika kichwa. Ofisi ya kanuni ya chuo ikatafuta la kufanya, na kilichopatikana ni Ozella.

Aliyemfuata alikuwa Bwana Whitcomb, afisa wa kanuni, mtu mwenye sauti ya kubembeleza kama daktari wa watoto. Alikuwa amesikia habari za Jumapili. Kila mtu alikuwa amezisikia.

"Waeleze tu wema wako, Bi Ozella," akasema. "Itatusaidia. Waone kwamba hapa sisi ni familia, siyo watu wa kununua vijana kwa magari."

"Sitamponza mtoto?"

"Kumponza kwa chakula cha Jumapili? Waeleze kwa moyo wako wote."

Kama angesema kitu kingine, waeleze kwa kifupi, waeleze kwa hesabu, labda mambo yangekwenda vingine. Alisema kwa moyo wako wote.

Kanisa la Pisgah, alikokulia Ozella, lina desturi yake. Jumatano watu husimama kutoa ushuhuda, na ushuhuda hautolewi kwa kijiko cha chai. Aliyeumwa jino husema alifika mlango wa kaburi akashika na kitasa. Aliyekatiwa umeme siku mbili husema alikaa gizani kama Yona tumboni mwa samaki. Hakuna anayemwita mwongo. Watu huitikia, "Sema, dada," na kila mmoja kichwani mwake hupunguza kinachostahili kupunguzwa, akabaki na jino na shukrani. Kushuhudia kwa vipimo, Jumapili kadhaa, viatu jozi moja, ni kumnyima Mungu sifa zake. Ozella alilelewa humo tangu akibebwa mgongoni. Namna nyingine ya kusimulia jambo jema hakuijua.

Alivaa gauni la kanisani. Kofia mpya hakuigusa, ile ilikuwa na siku yake. Akaoka keki ya siagi, akaipeleka ofisini ikiwa bado na joto. Wachunguzi walikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Bi Kessler na kijana mwandishi.

"Samahani," Bi Kessler akasema, "haturuhusiwi kupokea chochote."

"Hata kipande?"

"Hata kipande."

"Basi mama zenu walipata kazi," Ozella akasema, akaiweka keki juu ya kabati.

Wakamuuliza alianza lini kumpa Tavaris Goolsby chakula.

"Tangu tumzike mama yake," Ozella akajibu, "haijapita Jumapili mtoto yule hajala mezani kwangu."

Kwa kweli zilikuwa Jumapili kumi, labda kumi na mbili. Timu husafiri, Ozella naye miguu humvimba akalala. Lakini alisema vile, kisha akasubiri. Kijana akaandika. Hakuna aliyeitikia. Chumba kilikuwa kimya, na kanisani kimya maana yake ni kwamba hujafikisha. Basi akaongeza.

"Na mavazi?" Bi Kessler akauliza.

"Mimi ndiye niliyemvisha. Tangu unyayo mpaka utosi."

Ilikuwa suti ya marehemu, na viatu kutoka kwenye pipa la msaada la kanisa.

"Usafiri?"

"Gari langu ni lake. Funguo anajua zinapolala."

Alilichukua mara moja, kumfuatia Ozella dawa ya presha.

Kijana aliandika tu. Bwana Whitcomb, aliyekaa pembeni amekunja mikono, hakuandika wala hakumsimamisha. Yeye ni mzaliwa wa Mississippi. Yaya wake alikuwa muumini wa Pisgah. Alijua vizuri namna ya kupunguza.

"Kuna mtu yeyote wa chuo aliyekuagiza kufanya haya?"

"Kocha Renfro alishuka ngazi mwenyewe akaniomba nimpeleke mtoto mazikoni."

Hapo Bwana Whitcomb akakohoa. Katika yote aliyosema Ozella siku ile, hilo lilikuwa kweli bila chumvi hata punje, na hilo ndilo lililopotea. Ripoti ilipotoka lilikuwa limeandikwa kwamba kocha hakumbuki mazungumzo hayo.

Mengine yote yalibaki. Walijumlisha kila Jumapili ya mwaka mmoja na nusu, wakaitia kila sahani thamani yake, wakaongeza nguo za unyayo mpaka utosi, wakaongeza gari kana kwamba limekodishwa. Mrusha mpira akasimamishwa mechi moja, kwa sababu Bwana Lathrop alieleza, mwanasheria akiwa kando yake, kwamba pikapu ilikuwa ya kujaribu. Ilijaribiwa miezi minne. Tavaris alisimamishwa mechi sita. Ozella akapewa barua.

Aliisoma mwenyewe mpaka kidole kikachoka, kisha akampelekea Nettie Faye, waliyekaa naye benchi moja Pisgah miaka thelathini.

"Wanasema umefukuzwa kazi," Nettie Faye akasema. "Wanasema usikanyage mali ya chuo, wala kwenye mechi."

"Uwanjani je? Ile siku?"

"Zella, uwanja ni mali ya nani? Ya mjomba wako?"

Asubuhi yake Ozella alikwenda kumsubiri Bwana Whitcomb kwenye maegesho, akiwa amesimama kwenye ukingo wa barabara ya mji asije akakanyaga.

"Bwana Whitcomb, nimekuja kurekebisha. Yale ya kila Jumapili. Hazikuwa kila Jumapili."

"Kwa hiyo uliwadanganya wachunguzi?"

"Sikudanganya. Nilishuhudia."

"Basi ni kweli."

"Siyo kweli yote."

"Basi ni uongo, Bi Ozella, na kumdanganya mchunguzi adhabu yake kwa kijana ni msimu mzima. Nikupeleke ukawaambie hivyo?"

Sauti ilikuwa ile ile ya daktari wa watoto. Ozella akasema hapana. Akarudi nyumbani kwa miguu. Husemwa kwamba tembo wakipigana, nyasi ndizo zinazoumia. Tembo wa Tarpley hawakupigana hata kidogo. Walikula pamoja chakula cha mchana klabuni, na nyasi zikaumia vivyo hivyo.

Septemba ikaisha, Oktoba ikaisha. Jumamosi za mechi Ozella aliingiza magari uani kama kawaida, kiti cha chuma kikakaa mahali pake bila mtu. Simu ya Tavaris haikupokelewa. Akajiambia labda wameichukua. Sanduku la kofia lilikuwa juu ya kabati la nguo, na hakulishusha wala hakulitupa. Mechi sita za adhabu zingekwisha kabla ya ile ya mwisho, na mtu anaweza kuishi kwa hesabu ya namna hiyo. Barua ilisema asikanyage. Lakini barua huandikwa, na barua nyingine huweza kuandikwa.

Tavaris alikuja wiki ya kwanza ya Novemba, mchana, kwa uchochoro wa nyuma, amevuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi kana kwamba mtu wa ukubwa ule anaweza kutojulikana. Alisimama jikoni, hakukaa. Maharage yalikuwa yanachemka.

"Kaa ule," Ozella akasema.

"Siwezi, Bi Ozella."

"Unaumwa?"

"Siruhusiwi."

Wote wawili wakaitazama sufuria.

"Umekonda," Ozella akasema. "Wanakulisha nini kule, karatasi?"

Hakucheka. Akauliza, na ilionekana swali lilikuwa limekaa kifuani mwake wiki nyingi, "Kwa nini uliwaambia kila Jumapili?"

"Mwanangu..."

"Zilikuwa kumi. Mimi mwenyewe waliponiita niliwaambia kumi, wakasema mama mwenyewe amesema kila Jumapili, kwa hiyo mimi ndiye mwongo. Kwa kumi ningekaa nje mechi mbili. Watu wa ligi kubwa walikuja Oktoba kutazama mstari wetu, nikawa nimekaa juu na shati la kawaida kama mtalii."

"Nilikuwa nakusifia."

"Sikukuomba unisifie."

Ozella alichukua mwiko, akakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa. Katika miaka yake hamsini na mbili alikuwa amepewa majina mengi na watu aliowafulia na kuwapikia, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kinywa chake ndicho kilichomharibia mtu maisha. Na hili hata yeye alikuwa amelijibu kitandani, usiku baada ya usiku, na jibu halikuwa zuri.

"Kuna karatasi," Tavaris akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Nikitaka kurudi mechi ya mwisho. Sitakiwi kuzungumza na wewe, wala kupokea simu, wala kuja hapa. Mpaka nimalize chuo mwezi wa tano."

"Na kuingia uwanjani utaingia na nani?"

"Mke wa Kocha Renfro amejitolea."

Lo. Mke wa Renfro. Ozella aliifunika sufuria. Alijua la kusema, mwanamke yeyote aliyewahi kulea angelijua, na alilisema vizuri, amenyoosha mgongo kama aliyesimama Pisgah.

"Tia sahihi. Hukuvunja magoti yako miaka minne ili ukae nje kwa ajili ya sahani ya mboga. Kama mimi ndiye jiwe kwenye njia yako, nimejiondoa mwenyewe. Tia sahihi, mwanangu. Mimi nimekuruhusu."

Alichotaka ni akatae kwanza. Akatae mara moja tu, aseme siendi uwanjani bila wewe, ili yeye amshurutishe, wabishane, alie kidogo, ndipo akubali. Baada ya hapo angeweza kukaa na jambo hilo maisha yake yote na lisimuume sana.

"Nimeshatia sahihi," Tavaris akasema. "Jana asubuhi. Nimekuja kukuaga."

Akainama akambusu juu ya paji la uso, haraka, kama mtu anayechelewa basi, akatoka kwa uchochoro ule ule.

Alimaliza chuo mwezi wa tano, na katazo likaisha mwezi huo huo. Simu haikulia. Ligi kubwa haikumchukua. Nettie Faye alisikia kwa mtu kwamba yuko Jacksonville bandarini, ana mke na binti, na kwamba ni mtu mzuri, mpole. Ozella akasema anajua kwamba ni mtu mzuri. Siku hizi kanuni zenyewe zimegeuzwa. Wachezaji hulipwa waziwazi, na barabarani, unapoingia Tarpley, kuna picha ya kijana wa miaka ishirini iliyo ndefu kuliko nyumba, akitangaza magari ya Lathrop na meno yote nje. Watu hupita hapo wakapiga honi. Hakuna aliyemwandikia Ozella barua ya pili kusema kwamba ile ya kwanza ilikosea.

Lakini Jumamosi ile ya Novemba alikuwa bado hajui kwamba simu haitalia. Aliamka akaoga, akapika kuku, akapika mboga, akaoka pai mbili, kwa sababu karatasi ni karatasi na mtu mwenye njaa ni mtu mwenye njaa, na baada ya mechi kuna msongamano wa watu elfu hamsini, nani atamwona mmoja akivuka reli? Kisha akashusha sanduku kabatini. Akavaa gauni la zambarau lililoshonwa liendane na kofia, akavaa kofia, akaiegemeza kidogo upande wa kulia ili ua lionekane. Akachukua kipande chake cha boksi kilichoandikwa MAEGESHO, akatoka uani.

"Mama," akasema mzee mmoja aliyekuja na wajukuu watatu, akiteremsha kioo, "mbona kofia hiyo? Leo kuna harusi?"

"Leo Siku ya Kuagwa. Nyoosha usukani. Nyoosha, baba, umekuja kuegesha au kucheza dansi?"

"Una kijana wako ndani?"

"Sitini na saba."

Mzee akaitazama kofia, akamtazama yeye, akatazama uwanja uliokuwa ng'ambo tu, karibu kiasi cha kusikia mtu akipiga chafya. "Sasa mbona uko huku?"

"Ingiza gari, baba. Nyuma yako kuna watu."

Nettie Faye alikuja kumsaidia, akakaa kwenye ngazi za baraza na chupa ya chai. Kuhusu kofia hakusema kitu, na kwa Nettie Faye hilo lilikuwa jambo kubwa. Ua ukajaa. Ngoma za bendi zikanyamaza. Kisha spika ikaanza kusoma majina, moja baada ya moja, mchezaji na mama yake, na kila jina likafuatwa na kishindo cha watu wakisimama. Ozella alisimama pia, katikati ya magari, kibao cha boksi kimebanwa kwapani.

"Namba sitini na saba," spika ikasema. "Tavaris Goolsby. Anaingia na Bi Patricia Renfro."

Basi. Hawakusema hata jina la yule aliyemzaa, Lucinda, aliyelala kule Florida. Kishindo kilikuwa kirefu kuliko vingine, kwa kuwa watu walimpenda kijana aliyekosea akasamehewa. Nettie Faye akasema, "Zella," akaishia hapo.

Majina mengine yakaendelea. Mechi ikaanza, ikaenda, ikaisha, timu ikashinda. Watu wakatoka wakiimba, wakavuka reli, wakachukua magari yao. Ozella alisimama karibu na kiti cha chuma, akaangalia kila mwili mkubwa uliokuja upande ule. Wengine walikuwa wakubwa kweli. Barafu aliyoitoa kwenye jokofu ikayeyuka ndani ya bakuli.

Ua ulipobaki na magari mawili, akatokea mtu na pikapu, ametoka upande wa mjini. Alikuwa amemleta mkewe kwenye sherehe za baada ya mechi na hakupata pa kusimama.

"Mama, kuna nafasi? Karibu na barabara, mke wangu ana mguu mbaya."

Uani palikuwa na nafasi tele, lakini zote zilikuwa nyuma, kwenye matope. Ozella alitazama ng'ambo ya reli mara moja zaidi. Kisha akakishika kiti cha chuma kwa mikono miwili, akakipandisha barazani, akakiegemeza ukutani.

"Ipo," akasema. "Ingia hapa, karibu na ngazi. Taratibu, usininyunyizie matope. Gauni jipya hili."